Kutilia nguvu chesisi ya pikapu ya zamani: pleti nene pekee haisaidii

Gari yenyewe ni Hilux ya dizeli ya zamani, ilikuwa ya mjomba wangu, imebeba samaki kutoka Shimoni hadi Mombasa miaka na miaka kabla haijafika mkononi mwangu. Wanaojua kazi ya samaki wanajua mambo ya barafu, kreti zinapangwa nyuma, barafu inayeyuka njiani, maji yenye chumvi yanatafuta matundu ya bodi yateremke, na yanateremkia wapi? Juu ya chesisi, yaani ile mifupa ya chuma inayobeba gari, pale pale nyuma ya kebini. Ongeza upepo wa bahari na feri ya Likoni kila uchao, basi hicho chuma kinaliwa hata usiku gari imelala.

Siku moja niko kwenye foleni ya feri nikatupia jicho ule mwanya baina ya kebini na bodi. Juu ulikuwa umebana, hauingii hata kidole kimoja, chini uko vile vile vidole viwili. Moyo ulinishtuka, manake kebini na bodi hazianzi kuinamiana hivi hivi tu, hapo ni chesisi inakunjika katikati. Nikaingia uvunguni na tochi nikakuta ufa, na haukuwa mahali papya, ulikuwa ubavuni mwa kiraka ambacho fundi mmoja alikipiga miezi minane nyuma. Pleti ya milimita 6, imekatwa mraba, imechomelewa pande zote nne, ikapakwa rangi nyeusi ikapendeza. Chuma kilikuwa kimekatika kandokando ya ile mistari ya weldingi iliyosimama, kimenyooka kabisa kama mtu ameweka rula.

Kwa hivyo jambo nililonalo ni hili, na nitalirudia huko chini: nguvu ya kiraka cha chesisi haiko kwenye unene wa pleti, iko kwenye vile unavyoikata ncha zake na mahali weldingi inapoishia. Chesisi imeundwa ijipinde kidogo, kila tuta na kila shimo inapinda na kurudi. Ukiibandika pleti nene ya mraba, pale kwenye pleti haipindi tena, kwa hivyo kule kupinda kote kunahamia kwenye mstari ambapo chuma kinene kinakutana na chembamba, na mstari huo huo ndio umechomwa na moto wa weldingi ukabadilika tabia. Hujaponya ufa, umeusogeza sentimita kumi.

Haya ninayoeleza ni ya gari zenye chesisi ya peke yake, zile fremu mbili ndefu zilizounganishwa kama ngazi, yaani Hilux, Land Cruiser na Land Rover za zamani, Suzuki Sierra na kadhalika. Corolla, Probox na wenzao bodi ndiyo chesisi, chuma chake ni chembamba cha milimita moja na kidogo, pale unatumia bamba jembamba na mashine ya migi, ile welda ya waya na gesi, na vidoa vingi vya weldingi kwenye matundu, ukienda na mashine ya rodi utatoboa tu. Na lori kubwa ni habari nyingine kabisa, nyingi chuma chake kimepikwa kiwandani kikawa kigumu, ukikichoma ovyo unakilegeza, kwa lori fuata kitabu cha aliyeliunda.

Kwanza: gari inafaa kuokolewa?

Usinunue pleti kabla ya kujibu hili. Ingia uvunguni na nyundo ndogo na bisibisi nzito. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, juu, ubavuni na chini, usiwe na haraka. Chuma kizima kinalia, sauti kali inayokwenda mbali. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa kishindo kizito kilichokufa, kama unagonga kopo limejaa mchanga. Hapo penye sauti mbaya sukuma bisibisi kwa nguvu, ikizama, hapo hapana chuma, kuna rangi na gamba la kutu limeshikana tu.

Zile sehemu zilizofungwa kama boksi zinaoza kutoka ndani kuja nje, ndio maana nje panaweza kuwa pazuri kabisa huku ndani unga mtupu. Kuna matundu ya kutolea maji kwa chini, ingiza waya mgumu ukorogekoroge, vikimwagika vipande vya kutu kama majani ya chai ujue ndani kuna kazi. Na si bahari yetu tu inafanya haya. Kule Marekani mwaka 2016 Toyota walikubali kulipa hadi dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu, na kule chumvi inatoka barabarani wanapoimwaga kuyeyusha theluji. Sisi chumvi yetu inakuja na upepo bila kualikwa.

Kama kutu imekula sehemu mbili tatu zinazojulikana, gari inaokoleka. Kama bisibisi inazama kila mahali, au imeoza pale boksi ya stelingi imefungwa, ndugu yangu tafuta chesisi nyingine, hapo hakuna kiraka, na gari hiyo ikikatika barabarani itaua wewe na asiyekujua.

Jambo lingine la mapema: nambari ya chesisi. Kwenye Hilux nyingi imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye fremu karibu na gurudumu. Ipige picha, ipake grisi, ifunike, kisha usikate wala kuchomelea wala kupitisha grainda karibu nayo. Ikifutika, siku ya ukaguzi au ya kuuza utaelezea hadi ukauke mate.

Kutafuta ufa unapoishia

Hapa wengi wanakosea na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Ufa unaouona kwa macho si ufa wote. Ncha yake ni nyembamba kuliko unywele, inaendelea sentimita moja au mbili ndani ya chuma kinachoonekana kizima. Ukichomelea ule unaoonekana tu, ile ncha inabaki na itaendelea na safari yake chini ya kiraka kizuri.

Safisha kwanza hadi chuma cheupe, brashi ya waya ya kwenye grainda inatosha, usitumie jiwe la kusaga manake linaweza kuupaka ufa chuma juu ukajificha. Futa kwa thina au asitoni ikauke kabisa. Halafu dawa ya wazee, chaki na mafuta ya taa. Paka mafuta ya taa juu ya ufa na kuzunguka pale, yaache dakika kumi na tano hivi yaingie, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi paonekane pakavu. Sasa paka chaki nyeupe ya shule, au unga wake uliokorogwa na spiriti. Ngoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanaanza kupanda kwenye chaki na unauona ufa unajichora wenyewe, mstari mweusi mwembamba, unatambaa polepole. Wangu kwa macho ulikuwa na sentimita nne. Chaki ilinionyesha sita na nusu, na ulikuwa umeanzia ukingo wa chini ukapanda ubavuni hadi karibu ya tundu la bolti.

Weka alama kwa panchi pale mwisho kabisa, kisha toboa kwa drili tundu la milimita 6 kwenye ile ncha. Tundu duara halina ncha ya kuendelea kupasuka, ufa unakomea hapo. Rudia chaki baada ya kutoboa, kama mstari umetokea ng'ambo ya pili ya tundu basi hukufika mwisho, toboa mbele zaidi.

Kutoa vitu na mambo ya moto

Tanki la mafuta litoke. Usiniambie liko tupu, tupu ndio hatari zaidi, mvuke uliobaki ndani unalipuka kuliko mafuta yenyewe, na hata dizeli ikipashwa moto inatoa mvuke. Litoe uliweke mbali. Paipu za breki na za mafuta zinazopita kwenye fremu fungua au zisogeze, waya vile vile, na kama bodi inatoka kwa bolti itoe tu, ni watu wanne na nusu saa, utafanya kazi umekaa vizuri badala ya kulala chali cheche zinakuingia shingoni.

Toa waya zote mbili za betri, hasi na chanya. Kama gari ina kompyuta ya injini ichomoe plagi. Klempu ya ardhi ya mashine ifunge kwenye chuma cheupe karibu kabisa na unapochoma. Ukiifunga mbali, umeme utatafuta njia yake kupitia bearingi za magurudumu na difu, na bearingi iliyopitiwa na umeme wa welda inakufa kidogo kidogo bila wewe kujua sababu.

Na hili nawaomba mlishike: usisafishe chuma kwa zile spirei za kusafishia breki kisha ukachomelea. Baadhi yake zina klorini, na joto na mwanga wa welda vinaigeuza kuwa gesi ya fosjini, gesi ile ile iliyoua watu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Thina au asitoni, ikauke, kopo lifungwe na lipelekwe mbali.

Chuma chenye zinki pia, kama vile vipande vya mabati na paipu za maji, kikwangue zinki kabla ya kuchoma. Moshi wake mweupe unakutia homa usiku, unatetemeka kama una malaria. Mafundi wengi wanakunywa maziwa, mie pia nimefundishwa hivyo, lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi umekwenda kwenye mapafu. Dawa ni kutouvuta.

Ndoo ya mchanga, mtungi wa kuzimia moto, mtu wa pili anayeangalia upande usiouona. Ile lami iliyopakwa chini ya gari inashika moto polepole, kwa hivyo ukimaliza usiondoke kwenda kunywa kahawa, kaa saa nzima. Kioo cha kofia nambari 10 au 11. Watoto wa mtaani wanapenda kuangalia huo mwanga, weka pazia la gunia au bati, macho yao hayana kofia. Na jasho letu la huku ni la kuangalia sana, glavu zikilowa zibadilishe, simama juu ya ubao mkavu, umeme usikupige.

Kuiweka sawa na kuipima

Usichomelee chesisi iliyokunjika, utaifunga na ukunjo wake. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Egemeza fremu kwenye stendi imara, mbili mbele mbili nyuma, halafu weka jeki ya chupa na kipande cha mbao chini ya mahali palipolegea, nyanyua polepole hadi mwanya wa ufa ujifunge na fremu inyooke. Usiitegemee jeki peke yake, ukishafika weka gogo au stendi.

Kupima nilitumia timazi ya mwashi. Chagua matundu manne ya fremu yaliyo sawasawa kushoto na kulia, mawili mbele, mawili nyuma, teremsha timazi kila moja uchore msalaba wa chaki sakafuni. Sasa pima kona kwa kona, kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha ng'ambo yake. Namba mbili zifanane, tofauti ikizidi milimita 5 rudi kwenye jeki. Kimo nacho kipime, kutoka sakafuni hadi kwenye fremu, kushoto na kulia. Andika ukutani kwa chaki namba zote manake utazipima tena na tena.

Kuponya ufa wenyewe

Kiraka cha zamani kwanza kilitoka. Saga weldingi yake tu, taratibu, usile chuma cha fremu. Kisha kwa diski nyembamba chimba ufa wote uwe kama herufi V, uache nusu milimita tu kwa chini, hadi kwenye lile tundu la drili. Chomelea vipande vya sentimita mbili tatu, pumzika, endelea, tundu nalo lijazwe mwisho. Upande wa nyuma kama unafikika chimba nao uchomelee. Halafu saga hadi pawe sawa kabisa na fremu, kwa sababu pleti inatakiwa ilale juu yake bila mwanya, na msago wa mwisho uende kwa urefu wa fremu, usiende juu chini. Mikwaruzo ya juu chini ni vifa vidogo unavyovianzisha kwa mkono wako.

Weka chaki tena. Ikiwa safi, sasa ndio twende kwa pleti.

Pleti

Pima unene wa fremu yako kwa kalipa pale kwenye tundu lolote baada ya kukwangua kutu. Pleti iwe unene ule ule au pungufu kidogo. Fremu yangu ilikuwa na milimita 3, nikachukua pleti ya milimita 3. Watu walinishangaa, fundi wa awali alitia 6 na ikakatika wewe watia 3? Ndiyo, natia 3. Chuma chenyewe kiwe cha kawaida, kile laini cha madukani, ukizunguka Shimanzi utapata vipande vya mabaki kwa kilo. Pleti ya sentimita 40 kwa 10 haifiki hata kilo moja, kwa hivyo usijisumbue na vyuma vya kuokota ambavyo hujui ni vya nini, springi za zamani ndizo kabisa usiziguse, zina kaboni nyingi na zitapasuka zikipoa.

Urefu uvuke ufa kila upande mara moja na nusu ya kimo cha fremu. Fremu ya kimo cha sentimita 13 inakupa kama sentimita 20 kila upande.

Sasa umbo. Chukua katoni, ilaze kwenye fremu, chora, kata, jaribu, kata tena hadi ikae. Ncha zote mbili zikatwe kama ncha ya mkuki, au kinyume chake kama mdomo wa samaki uliofunguka, mshazari wa kama digrii 30 au 45 na pembe zizungushwe kidogo kwa faili, pasiwe na kona kali. Sababu ni ile ile: ncha ya mkuki inaanza kutia nguvu kidogo kidogo, chuma kinajikuta kinakuwa kigumu polepole badala ya ghafla, kule kupinda hakupati mstari mmoja wa kujikusanya. Angalia mkia wa ngalawa au fito ya kuvulia, hakuna mahali unene unabadilika kwa mkupuo, kinachopinda kila siku hakitaki hivyo.

Pleti ya ubavuni isifike kwenye mikunjo ya juu na ya chini, iache sentimita moja kila upande. Kwa vile ufa wangu ulianzia ukingo wa chini, ubavu peke yake usingetosha, nikakunja pleti iwe herufi L, ikumbatie ubavu na chini, na mkunjo wake ufuate mviringo wa fremu, usiwe mkali. Na ile sehemu ya chini nikaikata ncha pia, ikamalizika mbali na ncha za ubavuni, zisiwe mahali pamoja. Kanuni ni hiyo hiyo kwa pleti za ndani na nje, ya ndani iwe fupi au ndefu kwa sentimita tano, zisikome mstari mmoja. Wala pleti isikome kwenye tundu, wala kwenye hanga inayoshika springi, wala kwenye mtambaa wa katikati unaounganisha fremu mbili, iyaache mbali au iyavuke kabisa.

Toboa matundu ya milimita 10 hadi 12 kwenye pleti, kila baada ya sentimita 7 hivi, kwa zigizaga. Hayo utayajaza weldingi yashikamane na fremu kwa katikati. Kati ya pleti na fremu paka praima ya zinki ya kuchomelea, kidogo tu, uikwangue pale matundu yalipo na kandokando unapopita moto.

Na ukitia kushoto tia na kulia, hata kama kulia hakuna ufa. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake mzigo unauhamia mwingine. Niliposafisha kulia nikatia chaki, ufa wa sentimita moja ulikuwa umeshaanza.

Kuchomelea

Migi na gesi ni nzuri na safi, lakini kusi ikivuma gesi yote inapeperuka na weldingi inatoka na vitundu kama sifongo. Kama uko mahali wazi, jenga ukuta wa mabati au tumia rodi. Mie nilitumia rodi. E6013 ya milimita 2.5 kwenye chuma cha 3, ampea 70 hadi 85, inatosha na inasameheana na mkono. E7018 ni bora kwa kuponya ufa ila haitaki unyevu kabisa, na Mombasa unyevu ndio hewa yetu, kwa hivyo nunua pakiti ndogo iliyofungwa, ifungue siku ya kazi, uimalize. Pakiti iliyokaa wazi wiki mbili usiitumie kwa chesisi.

Kaza pleti kwa klempu, isiwe na mwanya hata wa kupitisha karatasi. Piga vidoa vya kushikilia, kimoja huku kimoja kule, pima kona kwa kona. Halafu jaza matundu, anza ya katikati uende nje, ukiruka, moja kushoto kisha moja upande wa pili kabisa. Baadaye kingo za juu na za chini za pleti, zile zinazokwenda kwa urefu, sentimita tatu, ruka tatu, kisha urudi kwenye zile ulizoziruka pakiwa pamepoa kiasi cha kuweka mkono. Gonga slagi, lile gamba la juu ya weldingi, upige na brashi kila kipande, ukichoma juu ya slagi umefukia uchafu.

Ncha ndizo za mwisho kuongelea na ndizo za kwanza kwa umuhimu. Usipige mstari wa weldingi unaokatiza fremu juu chini. Ile mishazari ya mkuki ichomelee lakini usianze wala kumalizia pale kwenye ncha yenyewe, anza mbali, pita ncha bila kusimama, malizia upande wa pili. Mahali weldingi inapoanza na kuishia ndipo pana kasoro kila mara. Na kingo za fremu, zile za mwisho kabisa za juu na chini, zisiguswe na moto, hata cheche ya kuwashia rodi usiipigie hapo, kile kidonda kidogo ni mwanzo wa ufa. Sehemu ya chini ya L nayo inachomelewa kwa urefu tu.

Usimwage maji kupoza. Najua jua ni kali na mteja anapiga simu, lakini chuma kikipozwa ghafla kinakuwa kikavu kama glasi. Kiache kipoe chenyewe. Mie ilinichukua siku mbili kwa pande zote, siku ya kwanza kushoto, ya pili kulia, na kila mapumziko napima zile namba za ukutani. Kulia ilivuta milimita 3, nikabadilisha mpangilio, nikachoma upande wa pili zaidi, ikarudi.

Kutu

Moto umeunguza rangi na upande usiouona. Ukipaka nje tu, ndani ya boksi nyuma ya weldingi kuna chuma kilicho uchi kabisa na kutu itaanza wiki hiyo hiyo. Nje, praima ya epoksi mikono miwili kisha rangi, na kile kimstari pembeni ya pleti kizibe kwa silanti maji yasijipenyeze. Ndani, nta ya kupuliza ya chesisi kwa mpira mrefu kupitia matundu ya fremu, au grisi iliyoyeyushwa ukikosa. Oili chafu ya injini wengi wanaimwaga humo, mie siipendi, inadondoka yote na inakula bushi za raba. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi, pitisha waya uhakikishe.

Bodi yangu nikaitilia mifereji ya paipu za plastiki, maji ya barafu yanateremkia nyuma ya bampa, hayagusi tena fremu.

Kuijaribu

Rudisha kila kitu, toa hewa kwenye breki, kagua paipu kwa mkono si kwa macho. Mwendo wa kwanza bila mzigo, kilomita kumi ishirini hivi. Kisha mifuko ya mchanga, nusu ya mzigo wa kawaida, uende njia yenye matuta, urudi uingie uvunguni na mafuta ya taa na chaki. Kisha mzigo kamili. Pima ule mwanya wa kebini na bodi juu na chini kabla na baada, uandike. Bolti za hanga za springi zikaze tena baada ya siku chache, na alaimenti ya magurudumu ifanywe manake fremu iliyonyoshwa imebadilisha vipimo.

Mie chaki naitia kila kusi ikiingia, bahari imechafuka, samaki ni haba na gari inapumzika. Mara ya mwisho ncha zote nne zilibaki nyeupe, na mwanya uko vidole viwili juu, vidole viwili chini.